Usianze na Msumeno: Namna ya Kukabili Miti Vamizi Misituni Ulaya

Unaishi Ulaya, kikundi cha kujitolea kinaingia msituni Jumamosi kuondoa miti vamizi, nawe umejiandikisha. Vizuri. Ila jua mapema: mingi ya miti hii ukiikata tu, inazidi. Shina linaanguka, kisiki kinatoa rundo la machipukizi. Unachowinda wewe ni mzizi.

Uholanzi, Ubelgiji na kaskazini mwa Ujerumani utakutana sana na mcheri mweusi wa Amerika, Prunus serotina. Wenye misitu waliupanda wenyewe kwenye ardhi ya mchanga, katikati ya misonobari. Ndege wakala matunda, wakatawanya mbegu.

Hakikisha ndio wenyewe. Kwangua gome la tawi changa, utasikia harufu ya lozi chungu. Kisha tazama jani: linang'aa juu, na chini, kando ya mshipa wa kati, lina vinywelea vya rangi ya kutu. Usimwonee ndugu yake wa kienyeji, Prunus padus. Naye ananuka hivyohivyo, ila jani lake limefifia.

Miche ing'oe kwa mkono baada ya mvua. Shika chini kabisa, vuta polepole, mzizi utoke mzima. Ukikatika, chimba. Na kama kuna mifugo jirani, usiache matawi karibu nayo: majani yaliyonyauka yana sumu ya sianidi.

Robinia na ailanthus, miti mingine vamizi, ni wakorofi zaidi. Ukiwaangusha, mizizi inachipua mita kadhaa mbali na kisiki. Hapa dawa ni subira. Mwishoni mwa baridi, chubua gome kuzunguka shina hadi uone mti mweupe, lakini acha ukanda mwembamba, kama sehemu ya kumi ya mzingo. Mwaka unaofuata, majira ya joto, ondoa ukanda huo. Chakula kutoka kwenye majani hakishuki tena vya kutosha, mizizi inadhoofika taratibu, na mti haupati mshtuko wa kuufanya uchipue ovyo. Usichubue mti ulio kando ya njia ya watu; ukishakufa utaanguka siku usiyoipanga.

Muulize mwenye msitu kwanza, hasa kuhusu robinia. Nchini Hungary ni karibu robo ya misitu yote, na wafuga nyuki wanaitegemea kwa asali. Ukifika huko na shoka bila kuuliza, hutapendwa. Ailanthus hauna watetezi wengi hivyo: tangu 2019 umo kwenye orodha ya Umoja wa Ulaya ya spishi vamizi, na ni marufuku kuuuza, kuupanda au kuusafirisha ukiwa hai. Kwa hiyo usibebe mche kwenda kupamba kibaraza.

Magharibi mwa Uingereza, na Killarney huko Ireland, adui ni rododendroni. Maua mazuri mno, kivuli kizito, chini yake hakuoti kitu. Kichaka kikubwa kimoja hutoa mbegu zaidi ya milioni kwa mwaka, nyepesi kama vumbi. Anza na vichaka vichanga vilivyo pembezoni, kabla havijatoa maua, ndipo usogee kwa wazee. Ng'oa kisiki kwa mtaimbo, kigeuze mizizi juu kikauke. Inua kila tawi lililolala chini, maana likigusa udongo hutia mizizi. Ukimaliza sugua buti zako: kichaka hiki hubeba Phytophthora ramorum, kimelea kinachoua miti ya larch.

Dawa za kuua magugu waachie wenye mafunzo na kibali.

Kabla ya kuondoka, weka alama ya eneo kwenye ramani ya simu na upige picha. Rudi mwakani majani yakishachanua, uvute vichipukizi vikiwa laini. Mbegu za mcheri hukaa hai ardhini miaka kadhaa, kwa hiyo panga na mwaka wa tatu pia.