Kochi la Mbao, Paka, na Ukavu wa Hewa ya Singida

Katika nyumba nyingi za mkoa wa Singida paka hafugwi kwa mapambo. Hufugwa alinde uwele, mtama na mbegu za alizeti dhidi ya panya, na kwa kazi hiyo huachwa aingie na kutoka apendavyo. Taabu huanza siku ambayo familia, baada ya kuweka akiba ya misimu miwili au mitatu, inanunua kochi kubwa lililofunikwa kitambaa kila upande. Haupiti muda mrefu pembe za kochi huwa zimechanika, sponji imetokeza nje, na paka amefukuzwa. Kisha panya hurejea ghalani. Familia imepata hasara mbili kwa uamuzi mmoja. Makala hii yakusudia kuonyesha kwamba kasoro ilikuwa katika umbo la kochi, na kwamba umbo lifaalo limejulikana kwa muda mrefu, huko Denmark na hata hapa kwetu.

Yafaa kwanza tuelewe paka anafanya nini anapokwaruza. Ukucha wake hukua kwa tabaka, na tabaka la nje likishakufa huwa kama gamba linalopaswa kubanduliwa. Kwa kuvuta makucha juu ya kitu chenye nyuzi, gamba hilo hutoka na ukucha mkali ulio chini yake hujitokeza. Papo hapo paka hunyoosha misuli ya mabega na mgongo, na tezi zilizomo katika nyayo zake huacha harufu ambayo sisi hatuisikii lakini paka wenzake huitambua. Paka-mwitu wa Afrika, ambaye kutoka kwa jamii yake alitokea paka wa nyumbani, hufanya hivyo juu ya magogo. Kumpiga paka kwa ajili ya tabia hii ni kazi bure. Kumng'oa makucha ni vibaya zaidi, kwani upasuaji huo huondoa mfupa wa mwisho wa kila kidole, na paka aliyefanyiwa hivyo hupoteza silaha yake ya kukamatia panya.

Paka huchagua kitu kilichosimama wima, kisichoyumba, chenye kimo cha kumwezesha kujinyoosha na nyuzi zinazonasa makucha. Ubavu wa kochi lililofunikwa kitambaa una sifa hizo zote.

Sasa tuitazame Denmark. Mwaka 1924 Kaare Klint alianza kufundisha elimu ya samani katika Chuo cha Sanaa cha Kifalme mjini Copenhagen, akasisitiza kwamba mwanafunzi apime kwanza mwili wa binadamu ndipo achore kiti. Mmoja wa wanafunzi wake, Børge Mogensen, aliongoza kuanzia mwaka 1942 ofisi ya michoro ya samani ya FDB, ambao ulikuwa umoja wa vyama vya ushirika vya walaji wa nchi hiyo. Shabaha yake ilikuwa samani bora kwa familia za kawaida. Mwenzake Hans J. Wegner alibuni mwaka 1953 kochi lijulikanalo kama GE 290. Makochi mengi ya namna hii yana kiunzi cha mbao kilicho wazi, mikono mitupu isiyovikwa kitambaa, na mito inayoondolewa. Mafundi hao hawakuwa wakiwafikiria paka. Hata hivyo, pale ambapo paka angetafuta ubavu wa kukwaruza, hukuta hewa tupu au mbao ngumu iliyolainishwa. Sisemi kwamba paka hakwaruzi mbao kamwe. Mbao laini kama ya msonobari huikwaruza. Lakini mbao ngumu haimvutii sana.

Msomaji wa makamo atakuwa ameshang'amua kwamba umbo hili si geni kwake. Ndilo kochi la mbao lenye mito na vitambaa vya kufuma, lililokuwa sebuleni kwa walimu na watumishi wengi. Kwa maoni yangu, kuliacha kwa ajili ya makochi yaliyovimba ilikuwa ni kurudi nyuma.

Je, yafaa kununua kochi kuukuu la Denmark lenyewe, iwapo litapatikana? Hapa ndipo hali ya hewa ya Singida inapoingia. Mbao haiachi kamwe kubadilishana unyevu na hewa. Katika hewa yenye unyevu wa asilimia 75, kama ile ya pwani, mbao hutulia ikiwa na maji kiasi cha asilimia 14 ya uzito wake mkavu. Katika hewa ya asilimia 40 hushuka hadi asilimia 7 au 8. Singida ina msimu mmoja wa mvua, na kuanzia Mei hadi Novemba hewa ni kavu na yenye upepo. Mbao ikipoteza maji hayo husinyaa, si kwa urefu, bali kwa upana. Ubao wa msaji, ambao wengi huuita mtiki, wenye upana wa milimita 100 waweza kupungua karibu milimita 1. Kwa macho ni kitu kidogo; kwa ulimi uliochomekwa katika tundu lake ni kikubwa mno, kwani kiungo hulegea na gundi ya zamani hupasuka. Kwa hiyo kabla ya kulipa, shika mkono mmoja wa kochi ulisukume kwa ubavu. Likiyumba, viungo vyataka kufunguliwa na kugundishwa upya. Kagua pia mikanda ya mpira chini ya mito. Mpira hugeuka mgumu na kukatika kwa joto na miaka. Fundi aweza kuweka badala yake mikanda iliyokatwa kutoka mpira wa ndani wa gurudumu la gari, ambao hustahimili hewa kuliko mpira wa asili.

Wengi wetu, lakini, tutaagiza kwa seremala. Mninga ni chaguo zuri sana, maana husinyaa kidogo kuliko mbao nyingi, na kiini chake chekundu hustahimili mchwa. Sehemu nyeupe ya nje ya gogo haina sifa hiyo, ikataliwe. Kwa kuwa mninga hukua polepole na huvunwa kwa kibali, muulize muuzaji hati zake; msaji wa mashamba ya Longuza na Mtibwa ni badala nzuri. Jambo kuu ni kwamba mbao ikaukie Singida penyewe. Ipangwe chini ya banda, vijiti vikitenganisha kila ubao, na kipande kimoja kipimwe uzito kila wiki. Uzito utakapoacha kupungua, ndipo randa ianze kazi. Usikubali kochi lipakwe mafuta ya alizeti ya kupikia: hukauka nusu nusu, hunata, na hukamata vumbi.

Kuhusu starehe, usinunue kwa macho. Pima kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti la mtu atakayelitumia zaidi. Kikalio, mto ukiwa umebonyea, kisizidi kimo hicho. Makochi mengi ya Denmark ni ya chini, nayo humpa taabu mzee anapoinuka, hivyo kwa ajili yake ongeza sentimita chache na mikono imara ya kushika. Kina cha kikalio kiache nafasi ya vidole vitatu au vinne nyuma ya goti. Egemeo lilale nyuma kidogo: vipimo vya shinikizo ndani ya diski zilizo kati ya pingili za mgongo, vilivyoanzishwa na Alf Nachemson na wenzake katika miaka ya 1960, vilisaidia kuonyesha kwamba kuegemea nyuma hupunguza mzigo huo.

Kitambaa kiwe cha pamba nzito iliyofumwa kwa kubana, au mahameli, kisicho na vitanzi vya kunasa ukucha. Vifuniko viwe vya kuvuliwa na kufuliwa, kwa sababu ya vumbi, na kwa sababu mzio wa paka husababishwa na protini za mate na ngozi yake zinazoshikamana na manyoya. Mwenye pumu azingatie hilo.

Limebaki gogo la paka mwenyewe. Chukua nguzo ya kimo cha mita 1 hivi, iliyokazwa juu ya ubao mzito isitikisike, uizungushie kamba ya katani kwa kubana. Iwekwe kando ya mahali pa kochi wiki chache kabla kochi halijafika, wala isifichwe uani, kwa kuwa paka hutaka alama yake ionekane pale watu wanapokaa. Akishaizoea, isogezwe kidogo kidogo kila siku hadi pembe itakayowaridhisha wenye nyumba.