Somo kwa Wamama: Mutoto Mwanamume Anapokuwa Kijana



Hapa ku kliniki tunapima watoto wachanga. Tunaandika uzito ku karata, na mama anaona kama mutoto anapanda ao anashuka. Mutoto akipita miaka 5, karata inafungiwa ku sanduku, na hakuna mutu anayemupima tena. Lakini siku moja unaona suruali yake ya masomo imepanda juu ya kifundo cha muguu. Mutoto wangu wa pili yuko na miaka 14. Mimi ninafundisha wauguzi, na ninajua vitabu vinasema nini juu ya mambo haya. Pamoja na hayo, nyumbani nilikosa.

Kwanza mujue namna mwili unavyofanya kazi. Kwa wanaume mabadiliko yanaanza kati ya miaka 9 na 14. Alama ya kwanza haiko sauti, wala ndevu. Ni korodani, ndiyo makende, kuongezeka. Mama haoni jambo hilo, na si lazima aone. Kisha nywele zinaota, jasho linapata harufu, mifupa inarefuka, sauti inavunjika. Usiku mbegu inaweza kumutoka akiwa usingizini, na shuka linaloa. Huo si ugonjwa wala bulozi. Katika mwaka wa kurefuka sana anaweza kuongeza sentimita 8 ao 9. Njo maana sufuria ya bukari inaisha mbio.

Sasa kosa langu. Siku moja tulikuwa na wageni, kijana akaniita, na sauti yake ikapasuka katikati ya neno. Nikacheka. Dada zake wakacheka, na wageni pia. Tangu siku ile alikuwa ananijibu kwa kichwa tu. Juma lililofuata alirudia chakula mara ya tatu, nikamwambia, «Tumbo lako haliko na mwisho?» Kisha akafungua radio ya zamani ya baba yake na kutandaza vipande vyake juu ya meza yangu. Nikavikusanya vyote, nikatupa ku shimo la takataka. Kwangu ilikuwa usafi.

Baadaye akaanza kuchelewa. «Unatoka wapi?» «Ku mupira.» Lakini vumbi la uwanja wetu hapa Buluo ni jekundu, na chini ya kucha zake kulikuwa kweusi. Sisi watu wa Likasi tunajua weusi ule: ni jiwe la kobalti. Alikuwa anaenda na wenzake ku kariere moja, kubeba mifuko na kuosha mawe, apate feza ya waya, batri na mukate.

Baba yake alishika mukaba. Nilimuomba angojee kwanza.

Wamama, ninajua feza hiyo inalisha nyumba nyingi, na sihukumu mutu. Lakini mujue iko na bei gani. Mifupa ya kijana ingali inakua ku ncha zake, na mufuko muzito unaumiza mugongo ambao haujakomaa. Vumbi linaingia ndani ya mapafu, na mukono usionawa unalipeleka ku kinywa. Mwaka 2009 wachunguzi wa Lubumbashi na wa Leuven, kule Ubelgiji, walitangaza kwamba walipima mukojo wa watu wa Katanga wanaokaa karibu na migodi na viwanda. Walikuta kobalti nyingi sana kupita ya wale wanaokaa mbali, na zaidi kwa watoto. Tena mashimo yanaanguka: Shinkolobwe, si mbali na hapa, liliua watu Julai 2004. Tangu mwaka 2002 sheria inatoa karata ya kuchimba kwa mutu mukubwa tu, na sheria ya 10 Januari 2009 inaita mutoto kila mutu asiyefikisha miaka 18.

Jioni ile nilikaa naye inje, kando ya mbabula, sisi wawili tu. Nilimuomba musamaha juu ya radio. Akanyamaza sana. Kisha akasema, «Mama, wewe unacheka kila kitu.» Halafu akanionyesha kifua chake. Titi moja lilikuwa limevimba na linauma, tangu miezi 4. Alikuwa anawaza kwamba vumbi la kariere limemuingia, ao kwamba anageuka mwanamuke. Miezi 4! Jambo hili linapata vijana wengi wa umri wake, na kwa kawaida linaisha lenyewe ndani ya mwaka mumoja ao miaka 2. Kama linaongezeka sana, lionwe na munganga. Jibu lile lingechukua dakika 2 tu, kama angethubutu kuniuliza.

Kuko jambo lingine ambalo vijana wanaficha kwa haya, na lenyewe haliwezi kungojea. Kende likiuma gafula, kwa nguvu, hata bila kupigwa, pengine na kutapika, mulete hospitali saa ile ile, hata usiku. Kende linaweza kujizungusha na kukosa damu. Likipita masaa 6, mara nyingi ni vigumu kuliponyesha. Mwambie mwana wako jambo hili mbele halijafika. Kama wewe unaona haya, baba ao mujomba amwambie. Kwetu baba anasema ni kazi ya mama, mama anasema ni kazi ya mujomba, na kijana anabaki katikati.

Juu ya chakula, sina feza ya nyama kila siku. Asubuhi ninatia kalanga iliyotwangwa ndani ya uji mbele hajaenda ku masomo. Mangaribi ni maharagi ao ndakala pamoja na lengalenga. Simuhesabii tena vijiko.

Ku kariere hajarudi. Haikuisha siku moja. Mara mbili baba yake alienda kumutafuta kule. Tulimupa kona ya meza na kopo la kuwekea vipande vyake, na sasa majirani wanamuletea radio zilizonyamaza. Zingine zinalia, zingine hapana. Juzi alisimama ku mulango tunapoweka alama za urefu, akaniita na mimi nisimame. Amenipita vidole viwili.