Seleni, Iodini na Kipi Kitangulie

Somo la safari hii linatoka maabara, lakini nimeliandika kama mwanafunzi wa fiqhi, kwa kuwa ndani yake mna mas'ala ya tiba na madhara.

Seleni ni madini ambayo mtu mzima anahitaji mikrogramu 55 tu kwa siku. Hata samaki wanaochomwa hapa Biryogo jioni wanayo. Mwilini huingizwa ndani ya protini kama asidi amino iitwayo selenosisteini, na hapo ndipo hupatikana vimeng'enya vya seleni. Ajabu ni kwamba alama ya kijeni inayoiita, UGA, katika protini nyingine huwa na maana ya "komea hapa". Subhanallah! Neno moja, hukumu mbili, na muktadha ndio unaoamua. Wanaosoma usul al-fiqh hawatashangaa.

Vimeng'enya viwili vinatuhusu. Glutathioni peroksidasi huvunja haidrojeni peroksidi. Tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya koo, huitengeneza kemikali hiyo kali kwa kazi ya kuunganisha iodini na protini, na ile inayobaki isipovunjwa huiunguza tezi yenyewe. Cha pili, deiodinasi, hung'oa atomu moja ya iodini kutoka homoni ya T4 ili ipatikane T3, ambayo ndiyo yenye nguvu.

Sasa tuvuke Ziwa Kivu. Katika miaka ya 1960 watafiti walikuta kaskazini mwa kisiwa cha Idjwi watu wengi wenye rovu, ule uvimbe wa shingo. Iodini ilikuwa haba, na muhogo usioandaliwa vizuri ukazidisha tatizo, kwani sianidi yake hugeuka mwilini kuwa thayosianeti, ambayo huzuia tezi isivute iodini. Mbali zaidi, huko Karawa, kaskazini mwa Zaire ya wakati ule, seleni nayo ilikuwa haba, na wako watoto ambao tezi zao ziliharibika wakadumaa mwili na akili.

Mtu angesema wapewe seleni, basi. Walipewa, mikrogramu 50 kwa siku kwa miezi 2, na matokeo yakachapishwa mwaka 1991. T4 yao ilishuka! Kwa wale ambao tezi zao zilikuwa zimekwisha kuharibika, upungufu ulizidi. Maelezo ya watafiti ni kwamba deiodinasi iliamka, ikaanza kuitumia akiba ndogo ya T4, na tezi isiyo na iodini haikuweza kuijaza tena. Yaani uhaba wa seleni ulikuwa unaichoma tezi, na wakati huohuo unailinda akiba ya homoni. Ndiyo maana iodini hutangulia, seleni ikafuata.

Wanafiqhi wana kanuni kwamba kuondoa madhara hutangulia kuleta manufaa, nami naiona hapa wazi kuliko katika mifano mingi ya darasani. Pia ipo hadithi katika Sunan Abi Dawud kwamba anayetibu bila kujulikana kwa utabibu hubeba dhamana. Kwa hiyo, ndugu yangu, mwenzako wa bwenini akikupa vidonge vya seleni vya "kuongeza kinga", kwanza tazama kama pakiti ya chumvi mnayopikia imeandikwa iodini. Na mwenye uvimbe shingoni aende kituo cha afya apimwe homoni kabla ya kumeza chochote.

Wallahu aalam.