Kaburi Liko Mbali, Deni Liko Hapa



Kuzika wafu na kuwaombea ni matendo ya huruma tuliyofundishwa tangu utoto. Lakini yuko marehemu mmoja ambaye mara nyingi hazikwi na wale aliowafia, nao husahau upesi kumwombea. Huyo ni askari polisi aliyeuawa kazini. Katika somo la leo twataka kuuliza ni nani apaswaye kumkumbuka, nasi tutaanzia nchi ya Buha, yaani Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma.

Nchi ile ya vilima imepakana na Burundi. Rais Melchior Ndadaye alipouawa mwezi Oktoba 1993, vita vilizuka kwao, na watu wengi mno wakavuka mpaka. Mwaka 1996 vita vya Kongo navyo vikaleta wengine, ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu. Wakimbizi walio wengi walikuwa watu wa amani waliokimbia mauti. Lakini bunduki za vita nazo zilivuka, zikaangukia mikononi mwa majambazi. Barabara ya kutoka Kasulu kwenda Kibondo hata Nyakanazi ikawa barabara ya hofu. Mabasi yalisimamishwa porini, abiria wakanyang'anywa mali, hata ikabidi yasindikizwe na askari wenye bunduki.

Mfikirie askari huyo. Mara nyingi hakuzaliwa Buha, kwa maana polisi hupelekwa kazini mbali na kwao: mzaliwa wa Mara aweza kulinda Kibondo, na Muha wa Kasulu akalinda Mtwara. Huketi ndani ya basi akiwalinda akina mama na watoto wasiomjua hata jina. Akiuawa, mwili wake husafirishwa ukazikwe kwao. Basi, jamaa zake wanalo kaburi, lakini hawakuiona kazi yake. Watu aliowalinda waliiona kazi yake, lakini hawana kaburi la kupalilia. Baada ya miaka michache, mahali alipoanguka pamebaki majani tu, na dereva hupita bila kupunguza mwendo.

Wala jambo hili si la Buha peke yake. Tarehe 12 Julai 2015 polisi wanne waliuawa katika kituo cha Stakishari, Dar es Salaam. Tarehe 23 Agosti 2016 wengine wanne waliuawa Mbande, walipofika kupokezana zamu ya kulinda benki. Tarehe 13 Aprili 2017, iliyokuwa Alhamisi Kuu, polisi wanane waliuawa katika kijiji cha Mkengeni, Kibiti, wakirudi kutoka kazini. Tarehe 25 Agosti 2021 polisi watatu na mlinzi mmoja wa kampuni waliuawa Dar es Salaam, karibu na ubalozi wa Ufaransa. Kila mara taifa lililia. Kisha magazeti yakahamia habari nyingine, wakabaki kulia wajane.

Tujifunze kwa wenzetu wa Italia. Tarehe 23 Septemba 1943, huko Palidoro karibu na Roma, askari Wajerumani waliwakamata wanakijiji 22 kwa sababu ya mlipuko uliowaua wenzao, wakataka kuwapiga risasi wote. Salvo D'Acquisto, askari wa kulinda usalama mwenye umri wa miaka 22, alisema kosa ni lake peke yake, ingawa hakuwa na kosa. Wanakijiji wakaachiliwa, yeye akauawa. Kijana huyo hakuwa mtu wa pale, alikuwa mzaliwa wa Napoli, na kaburi lake liko Napoli. Hata hivyo ukumbusho wake umesimamishwa Palidoro vilevile. Watu aliowaokoa hawakuwaachia jamaa zake peke yao kazi ya kumkumbuka.

Labda msomaji atauliza: Je, hatuwajui polisi wanaoonea watu? Twawajua. Mwezi Oktoba 2018, wilayani Uvinza, katika mkoa uo huo wa Kigoma, polisi wawili waliuawa katika ugomvi wa ardhi uliowahusu wafugaji. Raia nao walikufa, na hesabu yao ikaleta ubishi uliofika hata mahakamani. Mama wa raia na mama wa askari wote wawili hulia machozi yale yale. Kumheshimu askari aliyekufa si kufumbia macho maovu ya askari aliye hai. Sare ni moja: askari apokeaye rushwa barabarani humwibia heshima mwenzake aliyeuawa akiilinda barabara hiyo hiyo.

Basi, yatupasa kufanya nini?

Kwanza, tukumbuke mahali alipoanguka. Yuda Makabayo aliwachangisha watu wake fedha, akazituma Yerusalemu ili itolewe sadaka kwa ajili ya askari wake waliokufa vitani. Nasi kijiji kijuacho mahali polisi alipouawa chaweza kupanda mti au kuweka jiwe pale, na mwezi wa Novemba kumwombea kwa jina lake.

Pili, tuwaangalie wajane na yatima. Anayekaa katika nyumba za polisi atapaswa siku moja kuondoka. Mirathi nayo ina taratibu zake: cheti cha kifo, cheti cha ndoa, vyeti vya watoto, muhtasari wa kikao cha ukoo, na msimamizi kuteuliwa na mahakama. Mjane mwenye msiba hupotea katika safari hizo. Mwenye elimu kidogo amwandikie na kumsindikiza, maana huo ni upendo ulio bora kuliko hotuba.

Tatu, tuishi kwa sheria aliyoifia. Baba ampaye mwanawe bunduki ya magendo aifiche darini, au anyamazaye akijua genge linakolala, amesaidia kuandaa msiba wa kesho.

Jamaa zake walio mbali watalitunza kaburi. Lakini sisi tuliofika salama katika safari aliyoilinda tuna deni letu, nalo halizikwi pamoja naye.