Inveta ya Gari kwa Anayepiga Hema Kigoma

Anayekuja na gari kupiga hema upande wa Katonga, au kwenye ufukwe wa Jakobsen, hukumbuka jambo moja akiwa tayari anafunga mizigo: simu, kamera na laptop zitachajiwa wapi? Dukani watamwambia anunue inveta. Mimi ningemwambia kwanza amwage vifaa vyake mezani avitazame, maana wengi wanaonunua inveta hawakuihitaji.

Inveta hufanya nini? Betri ya gari hutoa umeme wa volti 12 unaokwenda upande mmoja tu. Umeme wa TANESCO ni wa volti 230, nao huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Inveta huugeuza ule wa betri ufanane na wa nyumbani, na katika kuugeuza, sehemu yake hupotea kwa joto, mara nyingi asilimia 10 hadi 15. Kisha chaja ya simu inaupokea na kuushusha tena hadi volti 5! Waangalie wavuvi wa dagaa usiku: taa zao za LED hula moja kwa moja kwenye betri, hakuna cha kugeuza. Nawe fanya hivyo kwa simu, tochi na pawabenki. Chaja ya USB inayochomekwa kwenye tundu la kiberiti cha sigara ni kitu cha shilingi elfu chache tu. Laptop nyingi za sasa zenye tundu la USB-C nazo hukubali chaja ya gari ya wati 65.

Inveta inabaki kwa vifaa vyenye chaja ya ukutani pekee: laptop ya zamani kidogo, chaja ya betri za kamera, na vya aina hiyo. Kujua ukubwa unaofaa, soma maandishi madogo mgongoni mwa chaja. Zidisha volti kwa ampia za pale palipoandikwa “output” upate wati. Chaja ya laptop yenye volti 19 na ampia 3.42 ni wati 65. Ongeza ya kamera, tuseme wati 15, unapata 80. Inveta ya wati 150 inatosha na kubaki.

Na usitamani kubwa zaidi. Tundu la kiberiti kwa kawaida lina fyuzi ya ampia 10 au 15, yaani halipitishi zaidi ya wati 120 hadi 180. Inveta ya wati 500 ukiichomeka pale na kuidai nguvu zake zote, utakata fyuzi. Kubwa hufungwa na fundi umeme wa magari kwa nyaya nene hadi kwenye betri, na fyuzi yake karibu na betri. Birika la umeme na pasi sahau kabisa. Chai ya kambini huchemka kwa mkaa.

Dukani, soma boksi kwa utulivu. Namba kubwa ya mbele mara nyingi ni nguvu ya sekunde chache tu. Inayokuhusu ni ile ya kufanya kazi mfululizo, na huenda ikawa nusu yake. Hakikisha pia inatoa volti 220 hadi 240, kwa sababu zipo zilizotengenezwa kwa soko la Japani au Marekani zinazotoa 100 au 110. Hata baadhi ya magari yetu yaliyotumika Japani huja na soketi ya volti 100 ndani. Chaja iliyoandikwa “100-240V” itakubali, kifaa cha volti 230 tupu kitagoma. Mwenye Fuso, au Land Cruiser ya dizeli yenye betri mbili, amuulize fundi kwanza kama gari lake ni la volti 24. Inveta ya volti 12 inaweza kuungua humo.

Utaulizwa pia kama unataka ya wimbi safi au la kuigiza. Safi hutoa umeme laini kama wa nyumbani, na bei yake huweza kuwa mara mbili au zaidi. Kwa chaja za laptop na kamera, la kuigiza kwa kawaida linatosha. Kifaa cha hospitali au chenye mota kitafutie safi. Madukani mjini Kigoma na Mwanga, omba ijaribiwe mbele yako, tafuta alama ya TBS, na udai risiti ya EFD, maana bila risiti dhamana ni maneno matupu.

Betri itahimili muda gani? Ya ampia-saa 60 ina wati-saa 720, lakini injini ikiwa imezimwa usile zaidi ya theluthi, yaani 240. Laptop ya wati 65 ikichaji saa tatu imekaribia kumaliza fungu hilo. Simu moja kubwa huhitaji kama 20 tu. Usingoje mlio wa onyo wa inveta, kwani nyingi hulia betri ikiwa imeshachoka kuwasha gari, na gari la otomatiki haliwaki kwa kusukumwa. Chaji ukiwa safarini. Inveta iwe kivulini, mbali na mchanga, na mikono yenye maji ya ziwa isiiguse: volti 230 huua hata zikitoka kwenye kiboksi kidogo. Kamwe usiache injini ikinguruma mtu amelala ndani ya gari au hema likiwa jirani, kwa kuwa moshi wake una gesi ya sumu isiyo na harufu.

Kama safari yako ni ya Gombe, inveta iache. Huko hakuna barabara, watu hufika kwa boti na gari hubaki mjini. Nunua pawabenki, na uijaze kabla hujapanda boti.