Gari la Kesho na Mpando wa Kilimatinde

Msafiri atokaye Dodoma kuelekea Manyoni huvuka kwanza uwanda wa Bahi, ulio tambarare na mkavu kwa sehemu kubwa ya mwaka, kisha mbele yake huinuka ukuta wa Bonde la Ufa. Juu ya ukingo wa ukuta huo ndipo ilipo Kilimatinde. Zamani wapagazi wa misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora waliupanda ukingo huo kwa miguu, mizigo mabegani, na Wajerumani wakajenga boma lao hapo juu. Lakini Reli ya Kati, iliyofika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, haikupita Kilimatinde. Ilipita Saranda na Manyoni. Manyoni ikakua na kuwa makao ya wilaya. Kilimatinde ikabaki na hospitali yake, kanisa lake na historia yake.

Historia hiyo yatufundisha kwamba chombo kipya cha usafiri huweza kuujenga mji au kuudumaza. Leo badiliko jingine limekaribia. Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, na ujenzi wa njia hiyo umeelekezwa Makutupora, mkoani Singida, na mbele zaidi hadi Tabora. Barabarani nako magari ya umeme yanaongezeka duniani. Hapana budi tujiulize: gari hilo ni la namna gani, na je, litaupanda mlima wa Kilimatinde?

Si jambo geni

Yumkini msomaji hudhani kwamba gari la umeme ni uvumbuzi wa juzi. Sivyo. Mwaka 1899 Mbelgiji Camille Jenatzy alikuwa mtu wa kwanza kuendesha gari kwa mwendo uliozidi kilomita 100 kwa saa, na gari lake liliendeshwa kwa umeme. Lililoshindwa halikuwa mota, bali betri. Betri za risasi zilikuwa nzito mno kwa nishati ndogo zilizoweza kuhifadhi. Ford alipoanza kuuza gari lake la Modeli T mwaka 1908, petroli ilishinda, nayo ikatawala kwa zaidi ya miaka mia.

Hali ilianza kubadilika mwaka 1991, betri za lithiamu-ioni zilipoingia sokoni, mwanzoni kwa ajili ya vyombo vidogo vya kubeba mkononi. Wanasayansi watatu waliozifanyia kazi, Goodenough, Whittingham na Yoshino, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019.

Injini na mota

Lita moja ya dizeli ina nishati ya takriban kilowati-saa 10. Katika injini, dizeli huungua ndani ya silinda, gesi iliyopashwa moto husukuma pistoni, na mwendo hupitia giaboksi hadi magurudumuni. Katika safari hiyo takriban kilowati-saa tatu tu hufanya kazi ya kusukuma gari. Nyingine saba hupotea kama joto, kupitia rejeta na bomba la moshi. Mota ya umeme, kwa upande wake, hugeuza kuwa mwendo sehemu nane hadi tisa katika kila kumi za nishati ipewayo. Kadhalika haina oili ya injini ya kumwagwa, wala plagi, wala klachi.

Hesabu ya mpando

Tuchukue mfano wa gari lenye uzito wa kilo 2,000, pamoja na abiria wake, likipanda mwinuko wa meta 300. Kazi ya kulinyanyua hupatikana kwa kuzidisha tungamo, mchapuko wa mvutano wa dunia na kimo: 2,000 × 9.8 × 300. Jibu ni juli 5,880,000, yaani kilowati-saa 1.6 hivi. Gari la dizeli litaunguza takriban nusu lita kwa kazi hiyo. Gari la umeme litatumia karibu kilowati-saa 1.9, sawa na nishati ya kwenda kilomita tisa au kumi katika barabara tambarare. Kwa hiyo mlima wenyewe si kizuizi.

Jambo la ajabu zaidi huonekana wakati wa kuteremka. Dereva wa dizeli ateremkapo, breki hupata moto, na nishati iliyonunuliwa kwa fedha wakati wa kupanda hutawanyika hewani. Katika gari la umeme, magurudumu huizungusha mota, nayo hugeuka jenereta na kuirudishia betri umeme. Katika mfano wetu huenda kilowati-saa moja ikarejeshwa. Treni ya umeme nayo hutumia kanuni hiyo hiyo.

Umeme utoke wapi?

Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lina mitambo tisa yenye uwezo wa jumla wa megawati 2,115. Mtambo wa kwanza ulianza kazi mwaka 2024 na wa mwisho mwaka 2025. Hata hivyo, umeme uliopo Rufiji si lazima uwe umeme uliopo kijijini saa ile unapotakiwa.

Msaada mwingine ni jua, ambalo katika nyanda kavu za kati ni utajiri mkubwa. Paneli zenye uwezo wa kilowati tano, zinazotosha juu ya paa la nyumba ya kawaida, zaweza kutoa takriban kilowati-saa 20 kwa siku. Pikipiki ya umeme hutumia kilowati-saa tatu au nne kwa kilomita 100. Kwa hiyo paa moja laweza kuziendesha pikipiki tano, kila moja kilomita 100 kwa siku, bila tone la petroli.

Sasa tutazame gari la wagonjwa. Kutoka Kilimatinde hadi Dodoma na kurudi ni zaidi ya kilomita 200. Gari zito la namna hiyo hutumia kilowati-saa 30 hivi kwa kila kilomita 100, yaani zaidi ya 60 kwa safari nzima. Paa letu lingehitaji siku tatu au zaidi kulijaza. Mama mjamzito aliyepatwa na matatizo usiku wa manane hawezi kungoja jua la siku tatu. Kwa hiyo, mpaka kuwe na vituo vya kuchajia njiani na umeme usiokatika, ni busara gari la wagonjwa liendelee kutumia dizeli. Sayansi haituamuru kukumbatia kila kipya, hutufundisha kupima.

Majirani na hatari zilizopo

Katika Afrika Mashariki kazi imekwisha kuanza. Uganda ilizindua gari la umeme la Kiira mwaka 2011, lililobuniwa Chuo Kikuu cha Makerere, na basi la Kayoola mwaka 2016. Mjini Kigali waendesha pikipiki hubadilishana betri vituoni badala ya kungoja zijae. Nairobi ina mabasi ya umeme. Ethiopia, mwaka 2024, ilipiga marufuku kuingiza nchini magari binafsi ya petroli na dizeli.

Lakini tuna sababu za kuwa na hadhari. Magari mengi tununuayo ni yale yaliyokwisha kutumika ng'ambo. Gari la petroli lililochakaa hutengenezeka chini ya mwembe. Gari la umeme ambalo betri yake imechoka limepoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Joto kali nalo huichosha betri mapema. Tena fundi aliyezoea volti 12 atakutana na volti 400 zinazoweza kumwua. Hapana budi vyuo vya ufundi vianze kuwaandaa mafundi kabla magari hayajajaa barabarani. Na kwa kuwa tunayo madini ya grafiti huko Mahenge na ya nikeli huko Kabanga, ambayo hutumika katika betri, ni vema tujifunze pia kutengeneza na kurejeleza betri zenyewe, tusiwe wachimbaji tu.

Hitimisho

Kwa mahali kama Kilimatinde, utaratibu unaofaa ni huu: kwanza pikipiki na bajaji zinazochajiwa kwa jua, pili magari madogo ya kubebea mazao na abiria kati ya kijiji na stesheni ya reli, mwisho magari mazito na ya dharura. Reli ya kwanza ilipojengwa, wakazi wa ukingo ule hawakuulizwa wala hawakuandaliwa. Safari hii maarifa yanaweza kuwafikia kabla ya chombo chenyewe.