Dawa za Miti na Afya ya Taifa

Yakitajwa mazungumzo ya dawa za kienyeji, watu hugawanyika pande mbili. Wa kwanza husema, "Huo ni ushirikina, utupwe." Wa pili husema, "Hizo ni dawa za babu zetu, haziwezi kudhuru." Mimi naona pande zote mbili zakosea. Dawa hizi zastahili kupewa nafasi katika mpango wa afya wa taifa letu, lakini kwa masharti, nami nitayaeleza.

Kwanza, yafaa tutenganishe dawa na uchawi. Sheria ya Uchawi ya Uganda ya mwaka 1957 yenyewe ilifanya hivyo. Ilipoeleza maana ya uchawi, ilisema kwamba kutengeneza au kuuza dawa za kienyeji kwa nia njema hakumo. Basi mama auzaye majani ya mululuza katika soko la Owino, au mumbwa, yaani udongo uliochanganywa na miti shamba ambao wajawazito huutumia, si mchawi mbele ya sheria.

Pili, ujuzi ulikuwapo kabla ya hospitali. Mwaka 1879 Robert Felkin, mmisionari aliyekuwa akisomea udaktari, alimwona mganga wa Bunyoro akimpasua mama tumbo ili kumtoa mtoto. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi, na kwa pombe hiyohiyo mganga akanawa mikono na kuosha tumbo. Damu ilizuiwa kwa chuma cha moto, na kidonda kikapakwa dawa ya mizizi. Siku ya 11 mama na mtoto walikuwa wazima. Felkin aliandika habari hizo mwaka 1884, madaktari wa Ulaya wakazisoma.

Tatu, ujuzi bila kipimo hautoshi. Tazameni Coartem, dawa ya malaria tunayopewa hospitalini. Asili yake ni mmea wa Uchina. Bibi Tu Youyou alisoma katika kitabu cha kale kwamba mmea ule ulilowekwa na kukamuliwa, wala haukuchemshwa. Akatambua kwamba joto jingi huiharibu dawa. Aliijaribu kwa wanyama, kisha yeye na wenzake wakainywa wenyewe kabla ya kuwapa wagonjwa. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani halishauri watu watibu malaria kwa chai ya majani ya mmea huohuo, kwa sababu kiasi cha dawa kilichomo kikombeni hakijulikani, na dawa isiyotosha huwapa vimelea nafasi ya kuizoea. Mmea ni mmoja, lakini ukipimwa ni dawa, na usipopimwa ni bahati nasibu.

Nne, na hili ndilo kubwa kuliko yote, hatari yetu leo ni siri. Jirani yetu mmoja alipolazwa, daktari alimwuliza kama alikuwa amekunywa dawa nyingine yoyote. Akajibu, "Hapana." Na chupa ya mizizi ilikuwa ndani ya kikapu chake! Aliogopa kukaripiwa. Daktari naye akaandika dawa zake bila kujua zitakutana na nini mwilini. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Na afichaye dawa je?

Serikali haikulala. Mwaka 1964 ilianzisha maabara pale Wandegeya, hapa Kampala, ili kuchunguza dawa za asili. Mwaka 1992 ulianza mradi wa THETA, uliowakutanisha waganga na madaktari katika vita dhidi ya ukimwi. Na mwaka 2019 Bunge lilipitisha sheria ya tiba za asili, iliyoagiza pawe na baraza la kuwaandikisha waganga na kuwapa leseni.

Lakini sheria haimfikii mgonjwa kwa kuandikwa tu. Kwa maoni yangu, yatakiwa mambo matatu. Kila kadi ya hospitali iwe na mahali pa kuandika dawa za miti alizokunywa mgonjwa. Maabara ipewe fedha za kutosha, ichunguze kwanza dawa zile zinazonunuliwa na watu wengi sokoni. Na mganga aliyeandikishwa aweze kumpeleka mgonjwa hospitali kwa barua, bila aibu kwa mmoja wao.

Wengine watasema kwamba kufanya hivi ni kuwapa nguvu matapeli. Mimi naona kinyume chake. Tapeli hustawi gizani. Palipo na orodha, leseni na maabara, mtu huulizwa dawa yake ni nini, nayo hupimwa.

Ninyi wanafunzi wa zamani mlio madaktari na wauguzi, mwulizeni mgonjwa swali lile bila kukunja uso, naye atajibu kweli. Nasi tulio darasani, likizo ijayo tuwaulize bibi zetu majina ya miti wanayoitumia, sehemu wanayoichuma na ugonjwa wanaoutibu, tukayaandike daftarini. Wazee hawa wakiondoka na ujuzi huo, maabara ya Wandegeya haitakuwa na la kuchunguza.